Mtama wa Ukindu Ndani ya Jumba la Wote

Nchi yenyewe inaitwa Mtandani, na msiniulize iko upande gani, kwa sababu Mwanahawa binti Kombo aliyekwenda na kurudi hataki kumwona mtu mwingine akiifunga safari hiyo. Akiitaja hutema mate kwanza. Ni mama wa makamo, mkulima, mwenye sauti nzito, na watu wa kijiji chake cha Ukindu walimchagua yeye kwa sababu moja tu. Walijua kwamba akiambiwa njoo kesho hataondoka kimyakimya.

Alifuata mbegu. Huko Mtandani kuna nyumba kubwa ya mawe inayoitwa Jumba la Wote. Zamani wazee wa vijiji vya jirani walikubaliana na watawala wa nchi hiyo kwamba kila kijiji kipeleke akiba yake humo, pahali pamoja, pakavu, na kila mwenye chake aje akichukue atakapo. Jambo hilo lilisifiwa sana, watu wakachinja ng'ombe. Humo ndani kuna vyumba ndani ya vyumba, na kila chumba wenyewe hukiita folda. Kuna folda ya nafaka, ndani yake folda ya mtama, na ndani ya hiyo folda ya mtama wa Ukindu. Sasa mwaka huo moto ulipita Ukindu ukala maghala yote. Haikusalia punje ya kupanda ila ile iliyowekwa Mtandani. Mvua zilikuwa zimeshaanza, na mtama usipoingia ardhini mvua zikiwa bado zinanyesha, hakuna mavuno, na kama hakuna mavuno watoto wa Ukindu watakula nini? Hilo ndilo lililomfanya Mwanahawa afunge punda wawili akaondoka.

Mpakani walimpiga muhuri kiganjani, wa wino mweusi usiotoka kwa maji wala kwa majivu. Mtandani mtu hajulikani kwa jina wala kwa sura. Anajulikana kwa kikundi chake tu. Karani wa mpaka alimwuliza yeye ni kikundi gani, akajibu kwamba yeye ni Mwanahawa wa Ukindu, karani akasema hicho si kikundi, akamwandika Wageni. Tena akamweleza kwa upole kwamba muhuri huwekwa hapa mpakani wakati wa kuingia, na kwingine kote nchini watu wanausoma tu, hakuna awezaye kuugusa. Mwanahawa hakujali. Yeye alitaka mtama.

Mlango wa nje wa Jumba la Wote unalindwa na Bwana Mbaruku, mtu mzima, mnene, mwenye adabu kupita kiasi. Alikitazama kiganja cha Mwanahawa akainama. "Karibu sana, mama. Umeruhusiwa." Mwanahawa akamshukuru Mungu, akafungua magunia yake matupu, akaingia. Alipita vyumba na vyumba mpaka akafika folda ya Ukindu, na hapo akamkuta mlinzi wa ndani, Bi Tausi, mwanamke mkavu aliyekaa wima kama aliyemeza mwiko. Bi Tausi naye akakisoma kiganja. Akasema kwake hakuna neno, ameruhusiwa yote, kutazama, kugusa na kutoa. Vile vihenge vya mtama vilikuwa mbele yake, vimejaa, na Mwanahawa aliutambua mtama wa kwao kwa wekundu wake. Akatia mkono. Wasaidizi wa Bi Tausi wakaudaka ule mkono ukiwa hewani.

Akauliza kulikoni. Bi Tausi akamweleza bila kupandisha sauti kwamba mlango wa ndani umempa yote, ndiyo, ila mlango wa nje umewapa Wageni kutazama tu. Na desturi ya Mtandani tangu enzi ni kwamba milango miwili ikitoa majibu mawili, linafuatwa lile la uchoyo. Kwa hiyo atazame. Atazame mpaka achoke, hakuna atakayemkataza.

Mwanahawa akarudi kwa Mbaruku, akamwuliza kwa nini amempa kutazama peke yake. Mbaruku akasema ni kwa usalama, humo ndani mna mali za watu. Mwanahawa akasema lakini kule ndani nako kuna mlinzi, na mlinzi huyo amekubali atoe. Mbaruku akasikitika kwa dhati kabisa. Yeye hajui wa ndani wanafanya nini, wala wa ndani hawajui yeye anafanya nini, hawajawahi kuonana. Na hili ndilo lililomtia Mwanahawa hasira ya kwanza, kwa sababu kiti cha Mbaruku na kiti cha Bi Tausi vimeegemea ukuta mmoja. Bi Tausi akikohoa, Mbaruku humwombea afya. Hawa watu wamezeekea hapo mgongo kwa mgongo, na haijampitikia hata mmoja wao kuinuka, kuzunguka ukuta na kumwuliza mwenzake, wewe unawapa watu nini?

Basi akaelekezwa Ofisi ya Kurekebisha Ruhusa, ng'ambo ya uwanja. Humo mna mafundi wa ruhusa wengi, na kazi hawana nyingine ila hiyo. Mwanahawa alipanga foleni nyuma ya watu wa vijiji vingine, kila mmoja na magunia yake matupu, na wengine walikuwa wamezoea mpaka wamekuja na mikeka. Fundi wa zamu alimsikiliza vizuri. Kisha akainuka, akatoka, akavuka uwanja, akaingia ndani ya jumba, akarudi amejaa tabasamu. Akasema amejaribu mwenyewe na ameingia bila taabu, amegusa mtama, ametoa, amerudisha. Kwa hiyo jumba ni zima, tatizo liko kwa mama.

Jamani, hebu fikirini. Mtu ana muhuri wa Mafundi, wenye funguo za kila kitu, ameingia, halafu anarudi kukuambia wewe huna tatizo la mlango. Hivyo ndivyo wanavyorekebisha. Anayelia hawezi kuingia, wao huenda kuingia kwa niaba yake, kisha humpa hongera. Mwanahawa alimwambia yule fundi kwamba kama ni hivyo basi angemtolea hayo magunia alipokuwa humo, na fundi akacheka, akasema mama ana utani.

Baada ya Mwanahawa kuwaka sana wakakubali kumhamishia kikundi cha Wenye Mbegu. Akakimbia jumbani na moyo wake juu. Mbaruku akakisoma kiganja, akasema atazame tu. Akarudi kwa fundi mbio, maji yanamtiririka maana mvua ilikuwa imeanza tena, na fundi akamwambia kana kwamba kila mtoto anajua, ah, mama, uhamisho huo hausomeki mpaka utoke nchini uingie upya. Muhuri unapigwa wapi? Mpakani. Basi nenda mpakani. Mwanahawa akamwuliza kwa nini hakumwambia tangu mwanzo. Fundi akasema hakuulizwa.

Alikwenda. Alitoka nchini kwa hatua moja, akageuka hapo hapo akaingia tena, na karani yule yule akampiga muhuri wa pili pembeni ya ule wa kwanza, Wenye Mbegu. Mwanahawa alimwambia afute ule wa Wageni. Karani akasema kikundi huongezwa, hakifutwi mpaka mwenye kikundi aombe, na mwenye kikundi cha Wageni hayupo kwa sababu ni mgeni. Hapo Mwanahawa alimwita karani jina ambalo sitalitaja mbele ya watu. Njiani kurudi maji yalikuwa yamefika magotini mwa punda. Mvua ile ile iliyotakiwa Ukindu ilikuwa inamwagika juu ya kichwa chake, na mtama uko ndani ya nyumba ya mawe unakaa mkavu.

Sasa mlango wa nje Mbaruku alisoma Wenye Mbegu, akafurahi kuliko Mwanahawa mwenyewe, akasema yote, mama, umepewa yote. Mlango wa ndani Bi Tausi akasema yote. Majibu yamelingana, uchoyo hauna pa kushika. Mwanahawa akatia mkono kihengeni, na mkono ukadakwa tena. Bi Tausi akanyoosha kidole juu ya mlango, palipotundikwa kibao cha zamani kilicholiwa na mchwa nusu, nacho kinasema Wageni, hapana, na kwa desturi hakisomwi mpaka milango miwili ikubaliane. Akaeleza kwamba kwa muhuri mmoja mama ameruhusiwa yote na kwa mwingine amekatazwa, na Mtandani ruhusa za dunia nzima hazifuti katazo moja.

"Basi litoeni hilo katazo," akasema Mwanahawa.

"Aliliweka Mzee Shomari. Mwenye folda ndiye anayeliondoa."

Akauliza Mzee Shomari yuko wapi. Wakampeleka. Kando ya folda ya Ukindu kuna kijichumba chenye kiti chenye mikono, mkeka na meza ndogo. Kiti kilikuwa kitupu, kimefutwa vumbi vizuri. Juu ya meza palikuwa na kikombe cha kahawa kinafuka moshi. Bi Tausi alisimama mbele ya kile kiti, akaamkia shikamoo, akasema kuna mama wa Ukindu anaomba katazo la Wageni liondolewe. Kisha wakakaa kimya wote, wasaidizi wamefunga mikono, mpaka kahawa ikapoa. Bi Tausi akatangaza kwamba mzee hajajibu. Wasaidizi wakaimwaga kahawa. Kumbe ndivyo wanavyofanya kila asubuhi, na wakati mwingine na jioni kama malalamiko ni mengi.

Mwanahawa alisema kwa sauti ya chini, maana alianza kujiogopa mwenyewe, kwamba huyu mzee amekufa.

"Tunajua," akasema Bi Tausi. "Tulimzika sisi. Lakini mtu kufa si sababu ya kuacha kumiliki."

Niwaambie ukweli, wengi wetu hapo tungelia. Mwanahawa hakulia. Alisubiri kesho yake asubuhi, kahawa ilipoletwa, na Bi Tausi alipoinama kuamkia, alipita pembeni yake akaenda kukaa kitini. Akachukua kikombe akanywa kahawa ya marehemu yote, mpaka machicha, akaweka kikombe chini, akasema yeye ndiye mwenye folda, ameombwa, amejibu, katazo liondolewe sasa hivi. Wasaidizi walishika vichwa. Mmoja alianza kusoma dua. Bi Tausi, ambaye hajawahi kupandisha sauti, alipiga ukelele ambao Mbaruku aliusikia upande wa pili wa ukuta, akamwombea afya.

Ndipo akakokotwa mpaka Barazani, kwa Mtukufu Kondo, mtawala wa Mtandani. Naye alikuwa mtu wa sura njema, mchovu, aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana. Washauri wake wakaeleza kosa, wakasahau kueleza mtama, Mwanahawa akaueleza mwenyewe. Hapo mjadala ukaanza, na nitauhadithia kwa kifupi kwa sababu mrefu unaumiza.

Mshauri wa kwanza alisema sheria inampa Mtukufu uwezo wa kuitwaa folda isiyo na mwenyewe, akaimiliki, akaondoa katazo, mambo yakaisha. Wote wakakiri kwamba ni kweli. Lakini Mtukufu akauliza, nikiitwaa mimi, punje ikipotea ataulizwa nani? Mwingine akasema pana njia rahisi zaidi. Folda ya Ukindu iko ndani ya folda ya mtama, nayo folda ya mtama haina katazo lolote, na kwa asili chumba cha ndani hurithi sheria za chumba kilichokizaa. Ni Mzee Shomari tu aliyeukata urithi siku alipogombana na mgeni mmoja juu ya kikapu. Urudishwe urithi, katazo litaanguka lenyewe. Huyu alisema vizuri, kwa kweli, na Mwanahawa alimtazama kwa matumaini. Wa tatu akainuka akasema kurudisha urithi ni kumtukana marehemu. Wa nne akauliza, je, marehemu ameombwa maoni? Wa tano akapendekeza iundwe tume ya kuchunguza kama katika Mtandani kuna vibao vingine vya aina hiyo, na tume hiyo ianze na folda zisizo na chochote ndani, ili isiharibu kitu. Wakapiga makofi. Yule wa pili, aliyesema vizuri, naye akapiga makofi.

Mvua ilikuwa inapiga paa la Baraza, na kwa kuisikiliza tu Mwanahawa, aliyelima maisha yake yote, alijua kwamba haikuwa nzito kama jana. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho. Akasimama.

"Mtukufu, mimi sikuja kuomba. Mtama ule niliulima mimi, nikaupeta mimi, nikauleta hapa kwa punda hawa hawa walio nje. Mlisema hapa ni pa wote. Tangu nifike sijaonana na mtu aliyeninyima. Mlinzi wa nje ameniruhusu, mlinzi wa ndani ameniruhusu, mafundi wameniruhusu, na marehemu hajakataa. Kila mtu ni mwema. Basi niambieni ni nani anayewaua watoto wa Ukindu kwa njaa, nimshike shati."

Mtukufu Kondo aliona haya, na mtawala akiona haya mbele ya washauri wake ni hatari kuliko akikasirika. Harufu ya pilau ilikuwa imeanza kuingia kutoka jikoni. Alipiga meza, akasema wamemchosha, hataki kusikia tena habari za milango, na hapo hapo akatoa amri: Kila Mtu apewe Yote, nje na ndani, folda zote, mara moja. Kisha akaenda kula.

Mwanahawa alitoka mbio, na wenzake wa kwenye foleni wakatoka mbio, na habari ikawapita wote ikafika sokoni kabla yao. Mbaruku alikuwa amekwishaufungua mlango wake wazi, ameinama, anamkaribisha kila apitaye. Watu waliingia kama maji. Na si watu tu. Mbuzi waliingia, kuku waliingia, mtu mmoja aliingia na ng'ombe wake, na Mbaruku akawakaribisha wote, maana amri ilisema kila mtu na hakuna aliyemfundisha kubagua. Watu wa mji hawakuwa waovu, Mwanahawa mwenyewe anasema hivyo. Walikuwa wamezuiwa chao kwa muda mrefu mno, na walipofunguliwa hawakukumbuka tena chao ni kipi, wakachukua kilichokuwa karibu. Wa ufuta alibeba kunde. Wa kunde alibeba mlango. Vihenge vilipinduliwa, magunia yakapasuliwa, asali ikamwagika juu ya chumvi.

Alipofika folda ya Ukindu alikuta kiti cha Mzee Shomari kimeondoka na mtu, na mbuzi dume mkubwa ametia kichwa chote katika kihenge cha mtama, anakula kwa utulivu. Mwanahawa alimtandika yule mbuzi kwa hasira yote aliyoiweka tangu mpakani. Alimtandika kwa ajili ya Bi Tausi, na kwa ajili ya fundi, na kwa ajili ya Baraza zima, mpaka mbuzi akaruka dirishani. Kisha akapiga magoti. Mtama ulikuwa umesambaa sakafuni, umechanganyika na ufuta na kunde na vumbi na kinyesi. Akaanza kuukusanya kwa viganja, na kimoja ni kile chenye mihuri, anautia guniani. Hapo ndipo alipolia, na alilia kwa uchungu wa kukasirika, akitukana kila baada ya konzi.

Kule nje, Mtukufu Kondo alinawa mikono akaambiwa yanayotokea. Aliona kwa macho yake ng'ombe akitoka katika Jumba la Wote na gunia limening'inia kwenye pembe. Washauri wakamzunguka wakasema kwa pamoja kwamba tuliona, tulijua, ruhusa zikizidi ndiyo haya. Akatoa amri ya pili kwa haraka ile ile ya amri ya kwanza: Kila Mtu, hapana. Watu wakafukuzwa mlangoni, milango ikafungwa, na Mbaruku akatundika katazo la Kila Mtu juu ya mlango wa nje, kubwa, jeupe, likiwa bado linanuka rangi.

Ila huko Mtandani walinzi hukagua anayeingia tu. Aliyekwisha kuingia hana wa kumwuliza. Kwa hiyo jumba lilipofungwa Mwanahawa alikuwa peke yake ndani, amepiga magoti, na hakuna aliyekuwa na desturi ya kwenda kumtoa. Aliendelea kukusanya mpaka gunia moja likajaa na la pili likafika nusu. Angeweza kuendelea. Lakini alisikiliza paa, akasikia matone yamepungua, akaamka akajitwika la kwanza na kuliburura la pili.

Mbaruku alimfungulia. "Ukitoka, mama, hurudi," akamwambia kwa huruma. Mwanahawa akatoka.

Pale uwanjani alimkuta Mtukufu Kondo na Baraza lake lote wamesimama mbele ya mlango, wamelowa. Mtukufu alitaka kuingia kuona hasara. Mbaruku alikuwa amemzuia, ameinama mpaka paji la uso linakaribia goti, anaomba radhi, lakini amri ni Kila Mtu, na Mtukufu ni mtu. Mtukufu akasema basi naifuta amri. Mbaruku akamkumbusha kwamba amri hufutwa kwenye folda ya sheria, nayo folda ya sheria imo ndani. Akaitwa fundi. Fundi akajaribu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuingia. Alisimama hapo akikitazama kiganja chake kama mtu aliyeibiwa. Bi Tausi, aliyesukumwa nje na umati, alikuwa amekaa chini kwenye matope, na inasemekana hiyo ndiyo siku yeye na Mbaruku walipoonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza.

Mtukufu alipomwona Mwanahawa akitoka na magunia macho yalimtoka. Akamjia, akamwita mama, akamwambia wewe ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa ndani, hebu tusaidie, tufanyeje?

Mwanahawa alikuwa anafunga kamba kwenye punda. Aliivuta mpaka ikalia.

"Toka nchini, uingie upya," akamwambia. "Likishindikana hilo, mpelekee Mzee Shomari kahawa."

Akaondoka. Anasema alipopita kwenye foleni, wale wenzake wa vijiji vingine waliokuwa wamerudi na magunia matupu, na mbegu zao zimo bado ndani ya nyumba ambayo sasa haina hata mtawala awezaye kuingia, walimtazama bila wivu, wamechoka tu, na mmoja wao alikuwa anatandika mkeka upya. Hapo alitamani kurudi akavunje ukuta kwa kichwa. Mpaka leo anajilaumu kwamba hakuuvunja.

Ukindu walipanda mvua za mwisho zikinyesha kwa kusuasua. Waliyopanda yaliota ovyo, mtama hapa, ufuta pale, kunde zimepanda juu ya mtama, na upande mzima wa shamba haukuota kitu. Walikula mlo mmoja kwa siku miezi mingi. Walikonda, wakasengenyana, wakagombania maji ya kuchemshia kunde. Lakini hawakuzika mtoto, na baada ya mavuno kila nyumba iliweka mbegu yake darini, na yeyote aliyetaja neno akiba ya pamoja alinyamazishwa na watoto.

Mwanahawa alikuwa anapeta mtama uani aliposikia hodi. Alikuwa Mbaruku, amekonda mpaka kanzu inamning'inia, ameshika gunia tupu. Alisimulia kwa adabu ile ile. Jumba halijafunguliwa. Watu wa Mtandani wote akiba yao imo ndani, wamekula mbuzi, wamekula ng'ombe, sasa hawana cha kupanda. Amekuja kuomba mbegu kidogo, kama mama ataona inafaa.

Mwanahawa alimvuta mkono mpaka darini. Akamwonyesha vihenge vyake vidogo, vya udongo, vilivyofunikwa kwa majani. "Tazama," akamwambia. "Kutazama umeruhusiwa." Na akamwacha hapo, akashuka akaendelea kupeta.

Mbaruku alitazama. Alikaa huko darini jua likipanda na likishuka, hakugusa punje, hakulalamika. Mwanahawa kila akiinua kichwa alimwona kwenye tundu la dari, mikono ameifunga mgongoni, anatazama kama alivyoambiwa. Alitaka furaha ya kisasi na furaha haikuja. Watoto wa Mtandani hawakutundika kibao chochote. Mwishowe akapanda ngazi akitukana, akalinyakua lile gunia, akalijaza mpaka mdomoni, mtama mwekundu wa Ukindu, akalifunga, akamshusha nalo, akimtukana yeye na Bi Tausi na Mtukufu na marehemu, na kumwambia wapande haraka, na wasithubutu kulitia gunia hilo katika nyumba ya mtu yeyote mwenye milango miwili.

Mbaruku akashukuru, akainama. Akalibeba mpaka kizingitini. Mlango wa Mwanahawa ni wa makuti, hauna komeo, na wakati huo ulikuwa wazi, kuku wanatoka na kuingia. Hapo akasimama. Mwanahawa akadhani amesahau kitu.

Akageuka na gunia begani, jasho linamtoka, akauliza kwa heshima, "Na ruhusa ya kutoka nalo, mama, naiomba kwa nani?"

Mwanahawa alitazama mlango na mtu, mlango na mtu. Alisema hajaona katika maisha yake jambo lililomkasirisha kama lile. Akamgeuza, akamsukuma mgongoni kwa viganja vyake viwili mpaka akawa nje.